Kidevu cha Baba Korongoni

Nyumba ya kona, nyuma ya kinyozi,
Chumba chenye cherehani mlangoni.
Jumapili, tarehe 9 mwezi wa saba.

Mpendwa dada yangu Kipaza,

Shikamoo. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili mwanao asiiruke. Pokea salamu zangu, nimezipiga pasi kwanza, hazina kunyanzi hata moja. Mimi huku ni mzima, ukiondoa magoti, mgongo, na lile jino la nyuma ambalo limekataa kung'oka na limekataa kutafuna. Sema mzima kiasi. Je, wewe hali yako? Miguu bado inavimba? Sukari imetulia, au bado inapanda na kushuka kama mtu aliyesahau kitu ghorofani? Unakula anachokuambia daktari, au bado unaficha biskuti kwenye mfuko wa sweta? Usinijibu hilo. Mwanao anasikia.

Na wewe mpwa wangu unayemsomea mama yako barua hii, marahaba. Nimeitikia kabla hujaamkia, maana nakufahamu. Soma taratibu, soma kila neno, na ukifika mahali mjomba wako ninapokusema usijifanye umepaliwa. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaruka maneno marefu kama mtu anayeruka madimbwi. Leo usiruke kitu. Nimeandika barua hii kwa shida, na elimu yangu unaijua: nilitoka shule mwaka ule ule walipoanza kutufundisha kugawanya, na mpaka leo sijapenda kugawana.

Dada, tangu mwanao akuchukue mkaenda kuishi huko mbali, nyumba hii imebaki na masikio, haina mdomo. Nakanyaga cherehani mpaka jioni, halafu naita, "Dada, weka maji ya chai!" Kimya. Naweka mwenyewe, na bado nanung'unika kwamba umechelewa kuweka. Kiti chako kipo pale pale karibu na dirisha. Nimekirundikia suruali za wateja juu yake, si kwa uvivu kama binti yangu muuguzi anavyodai, ila kikiwa kitupu kinanitazama.

Sasa nije kwenye lile ulilonituma.

Siku ile mwanao aliponipigia simu kunieleza habari za macho yako, alizungumza kwa adabu kama mtu wa benki. Alisema jicho la kushoto limeshazima, na hili la kulia lina mtoto wa jicho, na kwa sababu ya sukari upasuaji wake si wa kawaida, unaweza kulifungua na unaweza kulifunga moja kwa moja. Alisema sasa hivi unaona vitu vikubwa tu, tena cheusi kikiwa juu ya cheupe. Kabla sijajibu, nikasikia vurugu, kumbe umemnyang'anya simu. Ukapiga kelele kama vile umbali unavukwa kwa nguvu za mapafu: "Kifungo! Nenda kanipigie picha Kidevu, nikitazame kabla hawajanifunga kitambaa!"

Nikasema mimi si mpiga picha.

Ukasema, "Na ulipomeza kifungo cha koti la baba, ulikuwa fundi cherehani?"

Ukakata simu. Nilibaki nimeshika simu nacheka peke yangu, halafu sikucheka tena.

Kwa hiyo nilikwenda. Nataka nikueleze kila kitu, kwa sababu picha peke yake haitakuambia taabu niliyoipata, na mimi napenda taabu zangu zijulikane.

Kwanza kamera. Unamkumbuka yule mama mwenye studio ya picha za pasipoti mtaa wetu, tunayemwita Bi Usicheke kwa sababu hilo ndilo neno lake kwa kila anayekaa kwenye stuli yake? Mimi ndiye niliyemshonea lile pazia la bluu linalokaa nyuma ya watu. Nusu ya mji huu wana pasipoti zenye mkono wangu nyuma ya vichwa vyao. Nilimwendea nikamweleza, dada yangu anataka picha ya jiwe. Nilidhani atanicheka. Alivua miwani akaifuta, akasema, "Mzee, mimi maisha yangu yote nimepiga watu waliokaa wima wanaogopa kupumua. Natamani na mimi nipige kitu kisichopepesa macho. Twende wote."

Gari likawa la shemeji. Mpwa wangu, kama umesahau, huyu ni kaka wa marehemu mke wangu, yule aliyestaafu udereva wa lori lakini bado anakata kona kana kwamba nyuma kuna tela. Nilimwomba atupeleke. Akasema atatupeleka kwa sharti moja tu, kwamba nisiimbe njiani. Nikamwambia dada yake alinipenda kwa sauti hii. Akasema dada yake alikuwa na huruma, yeye hana.

Bi Usicheke alinifundisha kabla hatujaondoka. Alinipa kamera yake ya zamani, nzito kama pasi ya mkaa, akanionyesha kitufe cha kubonyeza, na kitufe cha kutazama ulichokipiga. Vingine vyote akavibandika plasta ya kidonda. "Hivi usiviguse," akasema. Nikamuuliza ni vya nini. "Ni vya watu waliokwishajua." Basi nikawa mwanafunzi, Dada, na mvi zangu hizi. Wiki nzima nilipiga picha kila kilichokuwa mbele yangu. Nilimpiga kinyozi, akatoka hana kichwa, mtu ambaye kazi yake ni vichwa. Nilipiga kiti chako, kikatoka vizuri. Hiyo sikutumii.

Barabara ya kule korongoni ni ile ile aliyoipasua baba na wenzake, ila sasa imevaa lami na mistari myeupe, utadhani haijawahi kula vumbi. Pale yalipokuwa mabanda yetu ya mabati, pana uwanja wa kuegesha magari na choo safi chenye sabuni. Nilisimama nikakisia. Kitanda cha baba na mama kilikuwa sawasawa na pale linapoegeshwa basi la watalii. Sisi tulilala kwenye choo cha wanaume. Shemeji akasema ndiyo maana nakitembelea mara kwa mara.

Tulipata vyumba kwenye nyumba ya wageni karibu na hapo. Chumba changu kilikuwa na kitanda kimoja, meza yenye mguu uliowekewa kadibodi, na shuka iliyopindwa ovyo, mshono unakwenda kama mlevi. Nilitaka kuifumua niipinde upya. Bi Usicheke alinizuia.

Halafu tukaenda ukingoni.

Dada, mimi nilidhani nakumbuka. Miaka yote tukikaa tunazungumzia korongo, mimi nilikuwa nalikumbuka korongo la ukubwa wa maneno yetu. Sasa unafika pale, ardhi inakwisha bila kukuaga. Chini huko mto unaonekana kama uzi ulioanguka sakafuni. Na zile kuta! Fikiria muuza vitambaa amefungua marobota yake yote, nyekundu, rangi ya kutu, rangi ya maziwa yaliyoungua, zambarau, akayapanga moja juu ya jingine, halafu akaja mtu na mkasi wa Mungu akakata katikati mpaka chini, na hakuna aliyerudi kukunja. Nilishika yale mabomba ya uzio waliyoyaweka ukingoni nikajifanya nayakagua.

Nikakumbuka ulivyokuwa unapiga ukelele pale, mtoto wa kike mwembamba kama ufagio, sauti ikaenda ikagonga ukuta wa pili ikarudi mara mbili, na wanaume wa barabara wakaweka sululu chini wakidhani ni wito wa chakula. Baba akakupa jina hapo hapo. Msimamizi alikasirika, baba akacheka mpaka akakaa. Nilitamani uwe pale ule ukelele urudi hata mara moja. Nilijaribu mimi. Sauti ikatoka kama mlango unaotaka mafuta, na shemeji akaniuliza kama nimeumia.

Nikaanza kazi. Ilikuwa saa za mchana, jua utosini. Nilipiga juu, nilipiga chini, nilipiga kulia na kushoto. Kila nikihisi kuna vumbi kwenye kioo cha kamera nilitoa kitambaa changu cha mfukoni nikafuta. Unakifahamu kitambaa changu. Ndicho cha jasho, ndicho cha sindano, ndicho kinachofuta mafuta ya cherehani tangu enzi za suruali za miguu mipana. Nilifuta kwa bidii, nikapiga tena. Nilijiona fundi.

Tulipokaa chini ya kibanda cha chai kutazama nilichovuna, hakukuwa na korongo. Kulikuwa na ukungu. Picha baada ya picha, ukungu mweupe wenye mng'ao katikati, kama mtu anayetazama dunia kupitia glasi ya maziwa.

"Mzee, umefuta na nini?" Bi Usicheke akauliza.

"Na kitambaa."

"Kitambaa gani?"

"Cha kazi."

Akakichukua kwa ncha za vidole, akakinusa. "Hiki ukikikamua unakaangia samaki."

Shemeji akachukua kamera akatazama kwa makini, anatikisa kichwa kama daktari. "Mimi naona umefanikiwa," akasema. "Umepiga picha akili yako."

Nilicheka, Dada, lakini moyoni nilishtuka, kwa sababu nilifikiria kitu kimoja. Nilifikiria kwamba labda hivyo ndivyo unavyoona sasa. Kila asubuhi unaamka, na hivyo ndivyo ilivyo. Nikawaambia nakwenda chooni, nikakaa huko kidogo, pale tulipokuwa tunalala.

Bi Usicheke akasafisha kioo na dawa yake, akaninyang'anya kitambaa, akanipa kingine laini kama sikio la mtoto. Tukarudi. Sasa picha zikawa safi, na ndipo matatizo yenyewe yalipoanza. Kidevu hakikuwepo.

Mpwa wangu, nieleze hapa, maana wewe hukuwahi kufika kule. Ng'ambo ya korongo, pale linapopinda, kuna jiwe limetokeza kwenye ukuta kama uso wa mtu unaouona kwa pembeni. Juu paji la uso, kisha pua iliyokatika ncha, kisha kidevu kimetangulia mbele kama droo ambayo mtu amesahau kuifunga. Babu yako alikuwa na kidevu hicho hicho. Mimi na mama yako tulikuwa tunakaa ukingoni na bibi yako tukimsubiri atoke kazini, na akichelewa tulikuwa tunaliamkia jiwe. Halafu barabara ikakwisha tukahama, na baba akafariki mwaka uliofuata, na hatukuwa na picha yake hata moja. Alikuwa akisema picha ni za watu wenye viatu. Kwa hiyo hakuna ukuta wowote duniani wenye sura yake isipokuwa ule. Sasa unaelewa mama yako anataka kutazama nini kabla hawajamfunga kitambaa.

Nilitafuta kona yote ya korongo kwa macho, nikatafuta tena. Ukuta mtupu, wekundu juu ya wekundu. Nilimwendea mlinzi wa pale, mzee mwenzangu mwenye kofia inayomzidi, nikamuuliza jiwe lenye kidevu. Alifikiri sana, akasema, "Mawe hapa yapo mengi, chagua lolote." Halafu, kwa upole, akaongeza kwamba wakati wa mvua kubwa mawe mengine hudondoka. Huwa wanasikia kishindo tu, asubuhi wanakuta mto umebadilika rangi.

Nilirudi nikakaa chini kwenye jiwe jeupe la ukingoni. Shemeji akanifuata.

"Piga jiwe jingine," akaniambia. "Lenye umbo umbo. Dada yako haoni, atajuaje?"

"Haoni," nikamwambia, "lakini baba anamjua."

"Mimi nasema kwa wema."

"Wema wako upeleke ukaendeshe lori."

Wanaume wawili wazee tumenuniana ukingoni mwa shimo kubwa kuliko yote niliyowahi kuyaona, na hakuna wa kutupatanisha. Sikufikiria tena picha. Nilifikiria nitakuambia nini kwenye simu, wewe na sauti yako hiyo. Kwamba baba amefariki mara ya pili, na safari hii hatukusikia hata kishindo.

Bi Usicheke alikuwa amesimamisha kamera yake kubwa kwenye miguu mitatu, akatandika kanga yake chini, akakaa. "Tungoje," akasema tu. "Mtu akikaa kwenye stuli yangu, kwanza nasogeza taa. Hapa taa inasogea yenyewe."

Tukangoja. Jua likaanza kuteremka nyuma yetu. Kivuli kikaanza kupanda kutoka chini ya korongo, taratibu, kama maji yanavyojaa kwenye ndoo. Kila kilichokuwa bapa mchana kikaanza kupata tumbo na mgongo. Mikunjo ikajitokeza kwenye zile kuta, nyufa, ngazi, vyumba vizima ambavyo havikuwepo. Na pale kwenye kona, ule ukuta wa nyuma umegeukia upande mwingine, jua likishuka haulipati tena. Ukaanza kuwa mweusi. Ukazidi. Na mbele ya ule weusi kikabaki kitu kimoja kimewaka.

Paji la uso. Pua. Droo iliyosahauliwa wazi.

Dada, alikuwepo mchana kutwa. Tulikuwa tunamtazama. Ni kama unavyoshona nguo nyekundu kwa uzi mwekundu, mshono upo lakini jicho linapita. Jua la utosini lilikuwa limemshona ukutani.

Nilisimama. Mdomo ukasema wenyewe, "Shikamoo, baba." Nikaona aibu, nikageuka. Shemeji alikuwa amevua kofia ameishika kifuani. "Shikamoo, mzee," akasema na yeye, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuposa. Halafu akakitazama kidevu changu, akatazama kule, akasema, "Kumbe ndiyo maana hamsikii, nyinyi ni mawe kwa kuzaliwa." Hapo ununaji ukaisha.

"Mzee, piga!" Bi Usicheke akanikaripia. "Taa hii haina swichi!"

Nikapiga. Ya kwanza ikatoka imetikisika. Akaniambia nibane viwiko mbavuni, nivute pumzi, nisiitoe. Hilo nalijua, ndivyo ninavyotunga uzi kwenye sindano. Nikabana, nikavuta, nikabonyeza. Na yeye kwenye kamera yake nilimsikia ananong'ona kwa mazoea, "Usicheke." Analiambia jiwe! Mimi nilicheka nikiwa nimebana pumzi, na picha ile ikaharibika kabisa.

Haikuchukua muda, kivuli kikamfika shingoni, kikamfika kinywani, akazimika. Hatukuondoka mara moja. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumpa mgongo.

Jana tulikaa studioni, tumevuta lile pazia langu la bluu, tukatazama kwenye kompyuta. Nyingi za kwangu ni takataka. Kwenye moja kuna kidole gumba changu, kikubwa kuliko korongo. Za Bi Usicheke ni nzuri sana, za kuweka kwenye kalenda. Lakini kwenye za kwangu moja ilitoka. Baba yupo pale, mweupe juu ya weusi, kila kitu chake, hata lile kovu chini ya mdomo ambalo nilikuwa nimelisahau mpaka nilipoliona.

Bi Usicheke alifurahi, halafu akaguna. "Ina kosa la wanafunzi wote," akasema. "Jua lilikuwa nyuma yako. Tazama huku chini. Umejipiga kivuli."

Kweli. Kwenye lile jiwe jeupe la ukingoni, kimelala kivuli changu kirefu, na kofia, na viwiko vimebanwa mbavuni. Akashika kipanya. "Nikukate?"

Nikamwambia, "Mwanangu, mkataji hapa ni mimi. Niache."

"Itakuwa na kasoro."

"Dada yangu anaona cheusi kikiwa juu ya cheupe. Hapo mimi ni nini?"

Alitazama tena, akaachia kipanya. Akaisafisha kubwa, ukubwa wa mlango wa kabati, na kazi ile akaifanya taratibu kuliko ninavyomwona akifanya kwa wenye haraka ya kusafiri. Mimi nikaishonea mfuko wa kitambaa kizito, mishono miwili miwili, ili ifike bila kukunjika. Ndiyo hiyo mliyoipokea pamoja na barua hii.

Nimalize salamu sasa, maana la mwisho nataka libaki letu. Binti yangu muuguzi anakusalimu, anasema usiogope meza ya upasuaji, na mimi namuunga mkono kwa sababu siyo mimi nitakayelala juu yake. Shemeji anakusalimu, anasema ukirudi atakupokea kwa gari bila kukata kona. Bi Usicheke anakusalimu, ingawa hamjawahi kuzungumza zaidi ya bei. Kinyozi naye, na kichwa chake. Nisalimie mkweo, na wale wajukuu wawili, uwafinye masikio kwa niaba yangu, mmoja mmoja, wasione wivu.

Mpwa wangu, itundike picha ukutani upande ule unaopata mwanga wa dirisha, mchana, sogeza kiti cha mama yako mpaka magoti yake yakaribie ukuta. Kisha msomee hapa palipobaki, halafu utoke, ukanunue kitu chochote dukani.

Dada. Namwomba Mungu alishike jicho lako kwa kidole chake mwenyewe, asimwachie daktari kazi yote. Likifunguka, njoo nyumbani. Nitaziondoa suruali kwenye kiti siku hiyo hiyo. Na kama halitafunguka, nilitaka mwanao aruke sentensi hii, lakini hapana, asome: kama halitafunguka, njoo vile vile. Njia ya kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti unaijua bila macho, na mimi nitakuwa nasema mfululizo, utafuata kelele.

Sasa tazama. Weupe ule wa juu, mbele ya giza, ni baba. Kaa naye mpaka utosheke, usiwe na haraka. Ukishatosheka, shusha jicho polepole mpaka chini, utaona weusi mrefu kwenye jiwe jeupe. Huyo ni mimi. Na utaona kwamba sina miguu. Sikuikata. Kivuli kimeanzia chini kabisa mwisho wa picha, kwa sababu miguu yenyewe ilikuwa huku nje, hapo hapo ilipo ya kwako sasa. Unapomtazama baba kutoka kwenye kiti hicho, umesimama mahali niliposimama. Sogea kidogo, nipe nafasi.

Ni mimi wa tumbo moja na wewe, nikupendaye hata ukinikatia simu,

Kifungo